Kabla Hujatoa Pesa: Mwongozo wa Kuchagua, Kukagua na Kuandaa Pikipiki ya Safari Ndefu

Ukienda kuulizia pikipiki kubwa, muuzaji ataanza na nguvu farasi, kisha spidi ya mwisho. Kwa mtu anayetaka kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, au Nairobi hadi Mombasa, akiwa na mizigo na pengine abiria nyuma, hizo ni namba za kusoma mwisho kabisa. Safari ya namna hiyo ni nadra kukwama kwa sababu injini imekosa nguvu. Hukwama kwa sababu mgongo umegoma baada ya saa tatu kwenye kiti, mafuta yameisha porini, au tairi la nyuma limebebeshwa kuliko uwezo wake.

Mwongozo huu unahusu pikipiki za daraja la kati zinazoitwa spoti-turingi: injini ya sentimita za ujazo 650 hadi 800 hivi, bodi inayokinga upepo, kiti cha watu wawili, mahali pa kufungia masanduku, na magurudumu ya inchi 17 yaliyokusudiwa lami. Mfano wetu mkuu ni BMW F 800 GT, iliyoingia sokoni 2013 kushika nafasi ya F 800 ST ya 2006. Tumeichagua kwa sababu walioibuni walifanya mambo kadhaa tofauti na wenzao, na tofauti hizo zinasaidia kuelewa pikipiki nyingine yoyote utakayoletewa.

KISANDUKU CHA 1: Pikipiki nne kwa namba

- BMW F 800 GT (2013): sentimita za ujazo 798, silinda 2, nguvu farasi 90, mvuto Nm 86 kwenye mizunguko 5,800 kwa dakika, tangi lita 15, uzito kilo 213, mkanda.
- Yamaha Tracer 700 (2016): sentimita za ujazo 689, silinda 2, nguvu farasi karibu 75, mvuto Nm 68 kwenye mizunguko 6,500, tangi lita 17, uzito kilo 196, cheni.
- Kawasaki Versys 650 (2015): sentimita za ujazo 649, silinda 2, nguvu farasi 69, mvuto Nm 64 kwenye mizunguko 7,000, tangi lita 21, uzito kilo 216 hivi, cheni.
- Honda NT700V Deauville (2006): sentimita za ujazo 680, silinda 2 za umbo la V, nguvu farasi karibu 65, tangi lita 19.7, uzito zaidi ya kilo 240, shafti.

## Sehemu ya kwanza: Soma karatasi ya sifa kwa mpangilio huu

1. Anza na uzito inaoruhusiwa kubeba.
Fremu, breki, tairi na springi za pikipiki hukadiriwa kwa uzito fulani wa jumla. Ukiupita, pikipiki haikatiki vipande viwili. Inachelewa kusimama, inayumba kwenye kona, na tairi la nyuma linapata joto lisilostahili. Tafuta namba mbili: uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, na uzito wa pikipiki yenyewe ikiwa tayari kwa safari. Toa ya pili kwenye ya kwanza.

F 800 GT inaruhusiwa kufika kilo 420. Ukitoa kilo 213 zinabaki 207. Sasa piga hesabu yako: wewe kilo 80, abiria 65, kofia, jaketi na buti za watu wawili 16, masanduku matupu ya pembeni 10, na vitu vya ndani 20. Jumla kilo 191. Umebakiwa na kilo 16 tu, na hujaweka maji wala vifaa vya kuzibia pancha. Mzigo huohuo kwenye pikipiki ambayo kikomo chake cha kubeba ni kilo 180 umeshapita kiasi kabla ya kuwasha injini.

2. Kokotoa umbali wa tangi, usiangalie lita peke yake.
Tangi la lita 15 linaonekana dogo hadi ujue injini inakunywa kiasi gani. BMW walitangaza lita 3.4 kwa kilomita 100 kwa mwendo wa 90, na lita 4.3 kwa mwendo wa 120. Hizo ni namba za kiwandani, mwendo mmoja bila kusimama. Wewe una milima, matuta, mizigo na upepo wa mbele, kwa hiyo panga safari kwa lita 5. Kanuni ni hii:

- Lita za tangi, toa lita 3 za akiba.
- Gawanya kwa 5, kisha zidisha kwa 100.

F 800 GT inapata kilomita 240. Versys, kwa kanuni hiyohiyo, inapata 360. Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480: wa BMW asimame njiani, tuseme Mtito Andei, ajaze pomoni hata kama geji bado inaonyesha mafuta yapo.

Jambo moja la kujua kuhusu hiyo BMW: tangi lake liko chini ya kiti. Kile kinachoonekana kama tangi mbele yako ni ganda lenye kichujio cha hewa na betri. Uzito wa mafuta umeshushwa chini, na pikipiki inageuka kwa wepesi. Lakini ukifika kituoni, kijana wa pampu atanyoosha bomba moja kwa moja kwenye ganda la mbele akitafuta kifuniko. Mwonyeshe kabla hajauliza: "Kaka, huku nyuma, upande wa kulia."

3. Uliza mvuto unapatikana wapi.
Nguvu farasi hueleza kazi ambayo injini inaweza kuifanya ikizungushwa hadi karibu na kikomo chake. Mvuto, unaopimwa kwa nyutonimita, yaani Nm, ndio unaousikia ukiongeza moto nyuma ya semitrela bila kushusha gia. Kwa hiyo usiishie kuuliza ni Nm ngapi. Uliza zinakuja kwenye mizunguko mingapi.

Honda CBR650R ya 2019 ina silinda nne na nguvu farasi 95, kuizidi BMW yetu. Lakini mvuto wake wa juu ni Nm 64, na unafika injini ikizunguka mara 8,500 kwa dakika. F 800 GT inatoa Nm 86 kwenye 5,800. Kwenye njia ya mashindano Honda itakuwa mbele. Ukiwa na abiria na masanduku, ukipanda mlima kwa mwendo wa 80, wa Honda atashusha gia mara mbili na kuifanya injini ilie, na wa BMW ataongeza moto kidogo tu.

Zingatia pia mwinuko. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inapungua. Nairobi na Mbeya ziko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Nguvu farasi 90 za karatasini huko ni 75 hivi. Mfumo wa sindano za mafuta hurekebisha mchanganyiko wenyewe, kwa hiyo injini haitakohoa, lakini nafasi ya kulipita lori itahitaji kuwa ndefu kuliko uliyozoea Mombasa au Dar.

4. Chagua kinachopeleka nguvu gurudumu la nyuma: mkanda, cheni au shafti.
- Cheni ni nyepesi na kila fundi anaijua. Inataka kupakwa grisi kila baada ya kilomita 500 hadi 800, mapema zaidi ukipigwa na mvua au vumbi.
- Mkanda, kama wa F 800, hautaki grisi wala hauchafui gurudumu. Hukaa kimya. BMW walipanga ubadilishwe kila kilomita 40,000. Adui yake ni kokoto: jiwe likinaswa kati ya mkanda na puli huutoboa au kung'oa meno. Kama kilomita kumi za mwisho kufika kwenu ni changarawe, huu si mfumo wako.
- Shafti, kama ya Deauville, haijali mvua wala vumbi, inataka oili yake tu kwa wakati. Gharama yake ni uzito.

5. Pima mwili wako, si urefu wa kiti peke yake.
Kiti cha F 800 GT kiko milimita 800 kutoka chini. Cha Versys kiko kama 840. Lakini kiti kipana hufupisha miguu, na chembamba huirefusha. Panda, simamisha pikipiki wima, ushushe nyayo zote mbili. Ukigusa kwa vidole vyote na nusu ya unyayo, inatosha. Kisha kaa mkao wa safari kwa dakika kumi nzima hapohapo dukani. Viganja vikianza kubeba uzito wa kifua, hendeli iko mbali au iko chini mno kwako. Magoti yakikunjwa kupita pembe mraba, utakuwa unasimama kila baada ya saa moja kujinyoosha.

6. Uliza mafuta na tairi zinapatikana wapi.
Injini ya F 800 ina ubanaji wa 12 kwa 1 na ilitengenezewa petroli ya oktani 95. Ile ya Kawasaki 650 ina ubanaji wa 10.8 kwa 1 na haichagui sana. Ukisikia injini inagonga kama misumari ndani ya kopo unapopanda mlima kwa gia kubwa, shusha gia na upunguze moto, usiilazimishe. Tairi nazo si za bodaboda. F 800 GT na Tracer hutumia 120/70 mbele na 180/55 nyuma, zote za inchi 17. Huzikuti kwenye kila duka la spea, kwa hiyo agiza mpya wakati za sasa bado zina miezi michache ya maisha.

## Sehemu ya pili: Kagua iliyotumika

Pikipiki nyingi za daraja hili hufika mikononi mwa mnunuzi zikiwa zimeshaendeshwa kwingine. Nenda asubuhi, uwe na tochi, kitambaa, na rafiki asiyeipenda pikipiki hiyo.

1. Gusa injini kabla haijawashwa. Mwambie muuzaji mapema asiiwashe. Ukiikuta ya moto, uliza kwa nini: injini yenye shida ya kuwaka au mlio mbaya wa asubuhi huficha aibu yake ikishapata joto.
2. Linganisha namba. Namba ya chasisi kwenye shingo ya fremu, namba ya injini, na kadi ya TRA (Tanzania) au rekodi ya NTSA (Kenya) lazima zisomeke sawasawa, herufi kwa herufi. Mikwaruzo juu ya namba ni sababu tosha ya kuaga.
3. Soma mita kwa makini. Pikipiki iliyotoka Uingereza huhesabu maili. Namba 30,000 kwenye mita yake ni zaidi ya kilomita 48,000.
4. Dai daftari la sevisi. Mali bila daftari huisha bila habari. Kwa F 800, angalia kama oili imebadilishwa kila kilomita 10,000 na nafasi ya vali imekaguliwa kwenye 20,000.
5. Washa swichi, tazama taa ya ABS, mfumo unaozuia gurudumu kufunga ukibana breki. Lazima iwake. Izime pale tu pikipiki inapoanza kutembea na mfumo kujipima. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameiua ili kuficha ubovu.
6. Washa, uiache ingurume mpaka feni ya rejeta iwake yenyewe. Inaweza kuchukua dakika kumi au zaidi. Usiondoke. Feni isipowaka na joto likizidi kupanda, zima na uhesabu gharama.
7. Kagua mkanda au cheni. Kwa mkanda, zungusha gurudumu polepole na umulike kila jino: tafuta nyufa, nyuzi zilizochomoza na matundu ya kokoto. Kwa cheni, ivute kwenye nyuma kabisa ya sproketi. Ikiinuka hadi uone nusu ya jino, imekwisha pamoja na sproketi zake.
8. Futa mirija ya foki kwa kitambaa. Bonyeza sehemu ya mbele mara kadhaa, futa tena. Mduara wa oili maana yake sili zimevuja.
9. Inua gurudumu la mbele, geuza hendeli taratibu. Ikinasa katikati, beringi za shingo zimekula.
10. Soma tarehe ya tairi. Tarakimu nne kwenye ubavu: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zaidi ya miaka mitano, hata kama bado lina maua, lihesabu kama la kubadilisha na upunguze bei.
11. Kagua chini ya bodi. Plastiki za pembeni zilizochubuka, klipu zilizokosekana na ncha ya hendeli iliyokwanguka vinaonyesha pikipiki imeanguka, na upande upi.
12. Rudi jioni, mulika ukuta. Hatua hii huachwa na wengi. Soma kisanduku kinachofuata.

KISANDUKU CHA 2: Taa inayopofusha wenzako

Taa za chini za magari na za pikipiki nyingi hurusha mwanga mbali zaidi kwenye ukingo wa barabara ili uone waenda kwa miguu. Kenya, Tanzania na Uganda huendesha kushoto, kwa hiyo mwanga uinuke upande wa kushoto. Pikipiki iliyotoka Ujerumani, Ufaransa au Marekani, wanakoendesha kulia, inaweza kuinua mwanga upande wa kulia, yaani machoni mwa anayekuja. Rwanda, Burundi na Kongo nao huendesha kulia, kwa hiyo huko mwanga uinuke kulia.

*Namna ya kupima:* simamisha pikipiki mita 5 kutoka ukutani gizani, kaa juu yake, washa taa ya chini. Mwanga ukiwa na mstari ulionyooka, uko salama popote. Ukiwa na kona iliyoinuka upande usio wake, ulizia gharama ya taa kamili ya upande sahihi kabla ya kukubaliana bei.

## Sehemu ya tatu: Iandae ikufae

Kiwanda kilitengeneza springi kwa mwendeshaji mmoja wa kukadiria. Huyo si wewe, wala si wewe pamoja na mkeo na masanduku. Springi ya nyuma ikiwa laini mno, mkia unashuka, taa inaangalia juu, mbele panakuwa pepesi, na pikipiki inagoma kuingia kona. Hii ni kazi ya nusu saa, na haigharimu chochote.

1. Inua pikipiki kwa stendi ya kati mpaka gurudumu la nyuma lielee. Pima kutoka kwenye ekseli hadi alama fulani ya mkia, wima. Andika.
2. Ishushe. Panda ukiwa na mavazi yote ya safari. Mtu aishike wima, mwingine apime tena pale pale.
3. Toa kipimo cha pili kwenye cha kwanza. Unataka milimita 30 hadi 40.
4. Ikizidi 40, kaza springi. Ikipungua 30, legeza. F 800 GT ina kirungu cha kuzungusha kwa mkono pembeni mwa pikipiki, bila spana. Nyingine zinataka spana ya ndoano.
5. Rudia ukiwa na abiria na masanduku yaliyojaa. Andika idadi ya mizunguko ya kirungu kwenye karatasi na uihifadhi chini ya kiti.
6. Rekebisha taa ya mbele mwisho, mzigo ukiwa umeshapakiwa.

Kisha geukia viganja na upepo. Zungusha lever za breki na klachi mpaka vidole, kiganja na mkono viwe mstari mmoja ulionyooka. Kioo cha upepo kikikurushia upepo kwenye kofia, kichwa kitatikisika na masikio yatavuma. Jaribu kuinuka kidogo ukiwa kwenye mwendo wa kawaida, kisha kujiinamisha: ukipata utulivu ukiinama, unahitaji kioo kirefu, ukiupata ukiinuka, kilichopo kimezidi urefu. Vaa viziba masikio vya povu. Kelele za upepo huchosha kuliko umbali.

Onyo kuhusu oili. Pikipiki hizi huogesha klachi ndani ya oili ileile ya injini. Tafuta alama ya JASO MA au MA2 kwenye kopo. Oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano itaifanya klachi iteleze, na fundi atakuambia klachi imekufa wakati kosa ni la kopo.

## Sehemu ya nne: Pakia

Mzigo mzito ukiwa juu na nyuma huvuta gurudumu la mbele lipoteze mshiko. Kwa hiyo:

1. Vitu vizito, kama spana, maji na kiatu cha akiba, viende chini kwenye masanduku ya pembeni, upande wa karibu na injini.
2. Kushoto na kulia vilingane. Pima kwa mzani wa kuning'iniza.
3. Sanduku la juu libebe vitu vyepesi tu: makoti ya mvua, chakula, dawa.
4. Usining'inize kitu kwenye hendeli wala foki.
5. Pandisha hewa ya tairi likiwa baridi. Kwa tairi za 120/70 na 180/55, kipimo cha kawaida cha safari yenye mzigo ni psi 36 mbele na 42 nyuma. Kitabu cha pikipiki yako kikisema tofauti, fuata kitabu.
6. Zunguka mtaani kilomita tano, simama, kaza kamba upya.

## Sehemu ya tano: Ukiwa barabarani

Kulipita lori. Tuseme semitrela ina urefu wa mita 22 na inakwenda 60. Wewe unakwenda 100. Ili utoke mita 20 nyuma yake hadi mita 20 mbele yake unahitaji karibu sekunde 6, na ndani ya sekunde hizo unakula mita 155 hivi za barabara. Basi linalokuja kwa 100 linakula mita 155 zake. Jumla ni zaidi ya mita 300 za lami tupu, na hapo hujajiwekea akiba yoyote. Usipoona mita 500 wazi, baki nyuma. Mlima Kitonga, kwenye barabara ya Dar es Salaam hadi Mbeya, wenye kona kali na malori yanayotambaa, si mahali pa kujaribu nguvu farasi.

Kusimama. Kwa mwendo wa 100 unapita mita 28 katika sekunde moja, yaani kabla kidole hakijabana breki. Kwa hiyo vidole viwili vikae juu ya lever ya mbele unapokaribia vijiji na vituo vya daladala au matatu. ABS inakuwezesha kubana kwa nguvu kwenye lami bila gurudumu kufunga. Kwenye changarawe huongeza umbali wa kusimama. Huko punguza mwendo mapema.

Matuta. Pikipiki hizi zina ekzosi na bodi ya chini karibu na ardhi. Funga moto mapema, pita wima bila kupinda, inuka kidogo kwenye vikanyagio, na umguse abiria gotini ili ajiandae. Usibane breki ya mbele wakati gurudumu linapanda tuta. Foki zikiwa zimeshabonyea hazina nafasi ya kumeza pigo.

Upepo wa pembeni. Masanduku matatu ni tanga. Eneo la Makambako, kwenye barabara hiyohiyo ya Mbeya, linajulikana kwa upepo wake, na kila lori unalolipita hukukinga na kukuachia ghafla. Legeza mikono, bana tangi kwa magoti, punguza mwendo. Ukikaza viwiko, kila msukumo wa upepo unafika kwenye hendeli.

Hifadhini. Barabara kuu inayokatiza Hifadhi ya Mikumi ina vikomo vya mwendo kwa sababu ya wanyama. Swala mmoja akivuka, subiri wa pili na wa tatu. Usipange kupita hapo usiku.

## Makosa ya kawaida

- Kununua pikipiki ya kesho. Wengi huchukua injini kubwa "ili nisibadilishe baadaye" wakati hawajawahi kuendesha zaidi ya sentimita za ujazo 250. Anza na mkufunzi au rafiki mwenye uzoefu, uwanjani, ukijifunza kugeuza kilo 213 kwa mwendo wa kutembea. Kwenye mwendo huo ndipo nyingi huangushwa.
- Kutumia pesa zote kwenye pikipiki. Tenga sehemu ya bajeti kwa kofia nzuri, jaketi lenye kinga, glovu na buti. Abiria naye ana ngozi.
- Kutoboa au kukata ekzosi. Kelele hazileti mvuto. Mara nyingi huuvuruga pale pale kwenye mizunguko ya kati unakouhitaji.
- Kufunga masanduku ya chuma ya kuchomelea bila kupima uzito. Yanaweza kula nusu ya uwezo wa kubeba kabla hujaweka shati.
- Kuikaza cheni mpaka isicheze. Ukishapanda na kupakia, mkono wa nyuma unashuka na cheni inakaza zaidi. Beringi na sproketi ndizo zinazolipa.
- Kuosha kwa pampu ya shinikizo karibu na beringi, sili na waya. Maji huingia, grisi hutoka.

KISANDUKU CHA 3: Orodha ya asubuhi ya safari

☐ Hewa ya tairi imepimwa, tairi ni baridi
☐ Hakuna msumari wala mpasuko kwenye tairi
☐ Oili iko kati ya alama mbili
☐ Maji ya rejeta na mafuta ya breki yako kwenye kiwango
☐ Mkanda hauna kokoto, au cheni ina grisi na mlegeo sahihi
☐ Taa ya chini, ya juu, za kugeukia, na ya breki kwa lever zote mbili
☐ Springi imekazwa kulingana na mzigo wa leo
☐ Masanduku yamefungwa kwa ufunguo na kuvutwa kwa mkono
☐ Vifaa vya kuzibia pancha na pampu ndogo
☐ Leseni, bima, kadi ya pikipiki; ukivuka mpaka, pasipoti na Kadi ya Njano ya COMESA
☐ Kituo cha kwanza cha mafuta kimechaguliwa, ndani ya umbali uliokokotoa
☐ Kuna mtu nyumbani anayejua njia yako na saa ya kufika

Alama moja ikikosekana, ishughulikie kabla ya kutoka. Nyingi kati ya hizi zinamalizika uani kwako kwa dakika chache. Zikikushika kati ya Mtito Andei na Voi, zitakugharimu siku nzima na nauli ya pickup.